Nilipakia kopo la visheti pamoja na dawa ya mzazi: gramu mia mbili zilizoshusha droni yangu juu ya Kanyosha

Wakuu, habari za mihangaiko.

Mimi humu ni msomaji wa kimya kimya. Miaka nasoma nyuzi zenu, nacheka, naondoka bila hata kuacha like. Leo nimeamua kuandika. Ninachosimulia kilinitokea mimi mwenyewe, na ile sehemu inayoniumbua sitaikata. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Nawaandikia kutoka Bujumbura. Kwetu ni Buyenzi, kwa hiyo mkikuta Kiswahili kinayumba sehemu fulani mnivumilie, huku kina mchanganyiko wake.

Kazi yangu ni kurusha droni. Najua kuna watu wakisikia droni wanawaza bibi harusi anapunga mkono kuelekea juu. Hapana wakuu. Yetu ni ya mizigo. Ina mikono sita na propela sita, na chini ya tumbo lake linafungwa boksi jeupe.

Kampuni ni ndogo. Ofisi iko Kinindo, kwenye nyumba ya kupanga yenye maua mengi kuliko wafanyakazi. Uwanja wa kurushia uko Kanyosha, mwisho kabisa wa nyumba, mahali ambapo mashamba yanaanza na barabara inaanza kupanda. Tunahudumia kituo kimoja cha afya kule juu milimani. Tunapeleka dawa, tunarudisha sampuli za maabara.

Kwa gari wakati wa kiangazi ni saa moja na nusu. Wakati wa mvua ni Mungu anajua. Droni inafika kwa dakika kumi na moja.

Sasa hapa nisimame kidogo kwa wasiojua mambo ya uzito, maana bila hili uzi wote hamtauelewa.

Kwenye mwili wa droni yetu kuna stika: mzigo mwisho kilo mbili. Hiyo ni namba ya huku chini, karibu na ziwa. Ukipanda mlimani hewa inakuwa nyepesi, propela zinalazimika kukimbia zaidi ili zibebe kile kile, moteri zinachemka, na betri inaliwa upesi. Kwa hiyo kampuni ina karatasi yake, imebandikwa ukutani juu ya mzani: kwenda kule juu mwisho kilo moja na nusu. Hapo boksi lenyewe limo ndani ya hesabu.

Na uzito peke yake hautoshi. Mzigo lazima ukae katikati, na ubanwe usitembee. Kitu chepesi kinachotembea ndani ya boksi kinaweza kukutesa kuliko kizito kilichotulia.

Marehemu baba yangu alikuwa kuli pale bandarini, alipakia maboti ya Kigoma mpaka mgongo ukakataa. Nimekua namsikia akigombana na watu wanaotupa magunia upande mmoja. Kwa hiyo mtu asije akaandika hapo chini kwamba sikufundishwa. Nilifundishwa nyumbani, nikafundishwa kazini, na wenzangu wapya niliwafundisha mimi.

Tuendelee.

Kule juu kituoni kuna muuguzi, nimwite Mama Goreth. Ni mama wa miaka hamsini na kitu, mkatoliki wa kweli kweli, sauti kubwa, na anacheka kabla ya kumaliza sentensi. Nilipanda mwenyewe siku tatu kumfundisha kupokea droni: boksi analifungua vipi, sampuli anazipanga vipi, anapima vipi kwenye mzani mdogo tuliompa, kisha ananipigia simu nami naiita droni irudi.

Wiki ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Wiki ya pili boksi limerudi, nafungua, nakuta sampuli, na pembeni yake parachichi mbili zimefungwa kwenye gazeti.

Nikampigia.

"Mama Goreth, hii ni nini?"

"We Idi, unaniletea vitu kila siku, mi nitakurudishia ile sanduku hivi hivi tu? Mutu ataniona je?"

Wakuu, wale mliolelewa pande hizi mnaelewa. Chombo cha mtu kikija kwako na kitu ndani, hukirudishi kitupu. Jirani akikuletea maharage kwenye bakuli, bakuli linarudi na hata ndizi mbili. Ni adabu tu, hakuna anayeifikiria. Mama Goreth hakuona droni. Aliona kikapu cha mtu.

Nikacheka. Uzito ulikuwa ndani ya kiwango, nikasema haina shida.

Kosa langu la kwanza liko hapo, ingawa wakati huo lilikuwa na ladha ya parachichi.

Zile parachichi nikampelekea mama yangu Buyenzi. Mama akauliza zimetoka wapi, nikamweleza. Nilidhani atafurahi. Akaniangalia kama vile nimeiba.

"Na we ulirudisha nini?"

"Mama, ni kazi ile. Ni dawa tunapeleka."

"Mama wa watu anakutumia chakula, we unamurudishia kitu tupu? Ni mi nilikulea hivyo?"

Kesho yake nikaondoka nyumbani na kifuko cha vitumbua. Nikavipima: gramu mia mbili. Vikaingia kwenye boksi pamoja na glavu na vidonge, vikapanda mlimani. Mama Goreth akapiga simu akicheka mpaka nikaweka simu mbali na sikio.

Basi ndio ikaanza.

Miezi minne, wakuu. Marakuja zinashuka, sambusa zinapanda. Maharage mabichi yanashuka, visheti vinapanda. Wanawake wawili hawajawahi kuonana, mmoja Mwislamu wa Buyenzi mwenye baibui lake, mwingine muuguzi wa mlimani mwenye rozari mfukoni, wanasalimiana kupitia mzigo wangu. Mama anaanza kuniuliza habari za goti la Mama Goreth. Mama Goreth anauliza kama sukari ya Mama imeshuka.

Kiukweli niliipenda. Nilijiona kama mtu wa maana sana katikati yao. Nani angekuwa na moyo wa kuikata?

Bosi hakujua. Bosi anakaa Kinindo, uwanjani anakuja mara chache.

Na kidogo kidogo mzani ukaanza kuzoea. Siku moja ulisoma kilo moja na gramu mia tano na hamsini. Nikaangalia karatasi ukutani, nikaangalia stika ya kilo mbili, nikarusha. Ikafika. Siku nyingine kilo moja na mia sita na hamsini. Ikafika, betri imechoka tu kidogo. Wenye magari mnajua hiyo tabia: umevuka leo salama, basi jana yako inakuwa ndiyo sheria yako mpya.

(Samahani wakuu, umeme ulikatika hapa nikapoteza nusu ya nilichoandika. Naendelea.)

Siku yenyewe ilikuwa msimu wa mvua. Mvua ilinyesha usiku kucha, asubuhi ikaacha. Habari ikashuka kwamba kipande cha mlima kimeporomoka na barabara ya kule juu imekatika. Gari halipiti, pikipiki haipiti.

Tulikuwa na safari ya kawaida iliyopangwa saa kumi jioni. Mchana nikaanza kupanga boksi mapema. Mama siku hiyo alikuwa amepika visheti vya sukari, akavijaza kwenye kopo la maziwa ya unga, lile la bati la mviringo, na mfuniko akaufunga kwa kitambaa. Gramu mia nne. Nikaliweka chini kabisa ya boksi, nikalibana na sponji pande zote, juu nikaweka barafu. Limekaa vizuri, halisogei.

Saa tisa simu inaita. Mama Goreth. Hakucheka.

"Idi, niko na mwanamuke hapa, amezaa sasa hivi. Anatoka damu mingi, haiache. Oxytocine imeisha, ile ya mwisho nilitumia juzi. Unayo?"

Hiyo ni sindano ya kuzuia damu baada ya kujifungua. Tunayo, kwenye friji yetu ndogo ya dharura. Nikamwambia ninayo.

"Leta na serum moja, tafazali. Niko nabonyeza tumbo na mikono. Kumubeba na ingobyi mpaka chini, atakufia mu njia."

Ingobyi ni kile kitanda cha kubebea wagonjwa mabegani. Kutoka kule mpaka pale barabara inapopitika ni masaa.

Nikamwambia, "Dakika kumi na moja, Mama Goreth."

Nikamsikia anamgeukia mgonjwa na kumwambia kwa sauti, "Jeanine, umesikia? Dakika kumi na moja."

Nikakimbia kwenye friji. Dawa, sindano, na ile serum, mfuko wa maji ya mshipani wa nusu lita. Nikafungua boksi. Mfuko hauingii. Nikatoa sponji la upande mmoja, ukaingia. Nikafunga. Nikaweka kwenye mzani.

Kilo moja na mia saba.

Wakuu, sitawadanganya. Niliona. Sikusoma vibaya, sikuwa na haraka ya kutoona. Niliiangalia ile namba labda sekunde tatu nzima. Nilijua zimezidi gramu mia mbili. Nilijua kopo peke yake lina mia nne, nikilitoa niko salama kabisa. Lakini kopo liko chini, juu yake barafu, juu yake dawa, juu yake mfuko. Kulitoa ni dakika moja, dakika moja na nusu.

Nikajisemea: stika inasema mbili. Nikajisemea: siku ile ilibeba kilo moja na mia sita na hamsini. Na kuna sauti nyingine ndogo, naona aibu hata kuiandika, ilisema Mama atauliza jioni kama kopo limefika.

Nikarusha.

Dakika saba za kwanza ilikwenda safi. Mimi nimesimama na rimoti, macho kwenye skrini, nasoma dua kimoyomoyo. Kisha ikafika kwenye ule mgongo wa mlima, mahali ambapo lazima iinuke kwa nguvu na upepo wa bondeni unaipiga ubavuni. Ikainua pua.

Nikaona inapepesuka.

Ikajirekebisha, ikapepesuka tena, upande ule ule. Nikajua papo hapo ni nini. Upande nilioutoa sponji hauna kinachobana tena. Kopo la mviringo limetoka mahali pake na linabingirika. Kila droni ikijiweka sawa, kopo linarudi na kuipiga upande wa pili.

Skrini ikawa ya njano. Moteri mbili za nyuma zinachemka. Betri iliyokuwa sitini ikasoma hamsini, kabla sijameza mate ikasoma arobaini. Kisha nyekundu. Mashine yetu ikifika hapo haikubali tena kuendelea na safari, inatafuta pa kushukia ili isidondokee vichwa vya watu. Kitu pekee nilichoweza kufanya ni kuisukuma mbali na nyumba nilizoziona chini.

Ikashuka kwenye shamba la mihogo, kwenye mteremko. Mguu mmoja ukakosa ardhi, ikalala ubavu, propela mbili zikavunjika. Kamera ikabaki inanionyesha majani ya mihogo.

Kituo cha afya kiko upande wa pili wa bonde. Kwa macho ni karibu kabisa. Kwa miguu ni kushuka mpaka mtoni na kupanda tena.

Droni yetu ya pili ilikuwa mezani imefunguliwa, inasubiri spea. Msiniulize kuhusu hiyo.

Nikapiga simu. Mfanyakazi wa usafi akapokea, akamshikia Mama Goreth simu kwenye loudspeaker kwa sababu mikono yake ilikuwa kazini.

"Iko wapi? Siione."

"Imeshuka Mama Goreth. Iko ng'ambo ya bonde, kwenye mihogo, chini ya ile mikaratusi mitatu. Boksi liko zima."

Nilisikia mtoto mchanga analia mahali fulani chumbani.

"Bon," akasema. "Mi siwezi kutoka hapa. Usikate simu."

Kisha akapaza sauti kwa Kirundi mpaka simu ikakwaruza. Jirani na kituo kuna kanisa, na mchana ule wamama wa kwaya walikuwa wanafanya mazoezi. Nikasikia wimbo umekatika katikati. Wamama wale waliacha vitabu vyao kwenye benchi wakashuka bonde mbio, na kiongozi wao alikuwa na simu, nikapewa namba yake nikampigia kwa simu yangu nyingine. Nikawa namwelekeza kwa kutazama ramani kwenye skrini: pinda kulia, vuka pale penye mawe, sasa panda. Nasikia anavyohema.

Simu ya kwanza bado imeunganishwa na chumba cha Mama Goreth. Huku nasikia wamama wanateleza kwenye matope, huku nasikia, "Komera, Jeanine. Ntusinzire." Jikaze, usilale. Anarudia, anarudia, sauti inazidi kupungua kwa uchovu. Mama wa miaka hamsini na kitu, goti bovu, amesimama anabonyeza tumbo la mtu bila kupumzika.

Sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia kwenye ule uwanja.

Wamama wakafika kwenye mihogo. Nikadhani imekwisha. Kumbe mwenye shamba, mzee mmoja, amesimama mbele ya droni na fimbo yake. Hataki mtu aiguse. Mwenye shamba hana kosa, kitu kimetoka angani kimeanguka kwenye chakula chake.

"Apana kugusa! Tungojee shefu wa kolini aje aone!" Huyo ndiye kiongozi wa mlima, kama mwenyekiti wa mtaa kwenu.

Kiongozi wa kwaya akamjibu, bado anahema, "Ni shefu wa kolini anatoka damu? Toka mu njia, mzee!"

Sijui alimsukuma au mzee alisogea mwenyewe. Nilichosikia ni mikanda ya boksi ikifunguka. Nikawaambia wabebe boksi tu, mashine waiache. Wakashuka nalo bondeni, wakapanda mpaka kituoni.

Kutoka simu ya kwanza mpaka sindano kuingia ilikuwa saa moja na dakika ishirini.

Mama Goreth akasema, "Imeingia." Nikakaa chini kwenye nyasi zenye maji. Baada ya muda, siwezi kusema ni muda gani, akasema damu inapungua. Kisha akasema imeacha. Kisha akaanza kulia kwa sauti kubwa ile ile anayochekea.

Jeanine alipona. Nalisema mapema ili msiwe na wasiwasi, maana najua kuna watakaoruka mpaka mwisho. Mtoto pia yuko salama.

Jioni Mama Goreth akanipigia tena, peke yake, sauti ya chini.

"Idi, ile kopo ya mama yako niliitoa kabla watu hawajaona. Nimeificha kwangu. Mi siseme kitu. We sema ni upepo."

Hapo, wakuu, ndipo panaponiumiza hadi leo. Yule mama alikuwa amesimama juu ya damu saa nzima kwa sababu yangu, na kazi ya kwanza aliyoifanya baada ya kunawa mikono ni kunificha mimi. Na alijilaumu pia. Alisema ni yeye aliyeanza na zile parachichi.

Kesho yake bosi alikuja uwanjani. Ni mtu mwema, hapendi kelele. Akasoma kumbukumbu za droni kwenye kompyuta, akaona ile kuyumba, akavua miwani.

"Idi, ilikuwa upepo?"

Alinifungulia mlango kabisa. Kumbukumbu ya droni inaonyesha moteri, betri, na mwelekeo. Haionyeshi visheti. Mzani wetu hauhifadhi kitu. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, na kila mtu alitaka nilitamke.

Nilianza hata kulisema. Nikasema, "Chef, upepo ulikuwepo..." Kisha nikawaza: nikimalizia hivi, wataandika kwamba siku za upepo tusiruke kule juu. Mlima ule kila mchana una upepo. Watu wa kule watakosa dawa kwa kosa la upepo, na wiki ijayo Mama Goreth ataweka parachichi, na mimi nitaweka sambusa.

Nikamweleza yote. Karatasi ukutani, kopo, sponji, zile sekunde tatu.

Hakunipigia kelele. Aliuliza swali moja tu, "Tangu lini?" Nikasema miezi minne. Akavaa miwani akatoka nje.

Alinitoa kwenye kurusha kwa wiki sita. Kazi yangu ikawa kuosha maboksi na kuandika upya utaratibu wa kupakia. Nashukuru hakunifukuza, na nawaambia kabisa, angenifukuza nisingekuwa na la kusema.

Utaratibu mpya, kwa wale walio kwenye kazi hii: boksi linapimwa mbele ya watu wawili, na anayesoma mzani kwa sauti si yule anayerusha. Namba ya kufuata ni ile ya mahali unakokwenda. Stika tumeifunika kwa karatasi ya gundi. Kitu kikiongezwa, boksi linafunguliwa na kupangwa upya lote, halichomekwi juu. Na unalitikisa kwanza, ukisikia kitu kinagonga, hakuna kuruka.

Kumwambia Mama ndiyo ilikuwa kazi. Siku tatu nilimkwepa. Siku ya nne akauliza kopo lake liko wapi, nikashindwa kumdanganya, nikamweleza yote. Alizima jiko, akaenda kukaa kwenye mkeka wake wa kuswalia, na wakati wa swala ulikuwa bado.

Barabara ilipofunguliwa akaniambia, "Unipeleke kwa ule mwanamuke alizaa."

Tukapanda. Mama Goreth alitupokea mlangoni, na wale wawili hatimaye wakaonana. Walishikana mikono tu, hakuna aliyecheka. Akatupeleka nyumbani kwa Jeanine, hatua chache kutoka kituoni.

Jeanine ni msichana wa miaka ishirini na kitu, amekaa kwenye kigoda, mtoto yuko kifuani. Alidhani tumekuja kumpongeza. Akaniambia asante kwa dawa. Ile asante nisingeweza kuipokea hata kama ungenilipa. Nikamwambia ukweli wote, pale pale, Mama Goreth akinisaidia Kirundi nilipokwama. Nikamwambia kwamba mzani niliuona.

Alimtazama mtoto. Kisha akasema taratibu kabisa, bila hasira:

"Mama Goreth aliniambia dakika kumi na moja. Nikaanza kuhesabu. Nikamaliza, nikaanza tena. Nikamaliza, nikaanza tena. Kisha nikaacha kuhesabu, nikaanza kuwaza nani atanilelea huyu mutoto."

Mama yangu akapiga magoti mbele yake, mwanamke wa umri ule. Akasema, "Mwanangu, unisamehe. Ni mi nilipika."

Jeanine akamshika mkono akamwinua.

"Apana, mama. We ulipika tu." Akaninyooshea kidole, taratibu, wala si kwa dharau. "Ye ndiye aliona mzani."

Tulipoaga alinisindikiza mpaka njiani akaniambia niendelee kurusha, kwa sababu dada yake naye ana mimba. "Ila ulete dawa peke yake."

Nimerudi kazini sasa, wakuu. Mama na Mama Goreth bado wanatumiana vitu, vinapanda na kushuka kwa pikipiki ya soko.

Nilichojifunza ni kwamba hatari kazini kwangu haikuja na sura mbaya. Ilikuja na harufu ya iliki, kutoka kwa watu wanaonipenda, na kila mmoja wao alikuwa na adabu. Aliyepaswa kusema hapana alikuwa mmoja tu, na alikuwa anajua kusoma namba.

Nakaribisha maoni, na mkitaka kunichana nichaneni, nimezoea. Ila kwanza kila anayepakia kitu kwa ajili ya wengine, iwe basi, boti, bodaboda au lori, anijibu kwa ukweli: mara ya mwisho kuona namba imezidi ukaendelea, nani alikuwa anakusubiri upande wa pili?